Kabla Hujaomba Nafasi ya DNP: Hotuba kwa Wauguzi Wanaotaka Kuwa FNP Marekani

Ndugu wauguzi, dada na kaka, na wazee wetu mliotutangulia kwenye kazi hii, hamjambo. Wapo kati yenu waliotoka zamu ya usiku wakaja hapa moja kwa moja, na wapo wanaoingia kazini saa moja jioni. Kwa hiyo utangulizi tuuache.

Mtu akianza kuwaza kusoma DNP, yaani uzamivu wa utendaji wa uuguzi, kwa kawaida hutazama jina la chuo, halafu ada, halafu kama masomo ni ya mtandaoni. Ninawaomba mwanze upande wa pili. Wagonjwa nitawaona wapi, chini ya nani? Mradi wangu wa kumalizia shahada utafanyika kwenye kliniki ya nani, na nani pale ndani anautaka? Asiye na majibu ya maswali hayo asilipe hata ada ya maombi. Wanaokwama katika shahada hii ni wachache sana wanaoangushwa na darasa. Wengi hukwama kwenye kliniki na kwenye mradi, na vyote viwili huharibika mapema, kabla hata hujanunua vitabu.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Kazi ya NP (nurse practitioner), muuguzi wa ngazi ya juu anayetibu, ilizaliwa Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 1965, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walipoanzisha mafunzo ya muuguzi wa kumhudumia mtoto nje ya hospitali. FNP ni NP wa familia: anatoa huduma ya msingi tangu kwa mtoto mchanga hadi kwa babu, anachukua historia, anapima, anataja ugonjwa, anaandika dawa na kutoa rufaa. Aliyekulia Kenya au Tanzania akitibiwa na tabibu wa kituo cha afya ana picha ya karibu, ingawa mafunzo ni tofauti na leseni hazibadilishani.

DNP ni shahada ya uzamivu ya utendaji. PhD humwandaa mtafiti anayezalisha maarifa mapya. DNP humwandaa mtu wa kuyachukua maarifa yaliyopo na kuyafanya yafanye kazi pale yaliposhindikana. Mwaka 2004 chama cha vyuo vya uuguzi, AACN, kilipitisha azimio kwamba ifikapo 2015 wauguzi wa ngazi ya juu waingie kazini kwa uzamivu. 2015 ikaja ikapita. Mwaka 2018 chama cha wakufunzi wa NP, NONPF, kikaweka lengo jipya la 2025. Nalo limepita, na aliyesoma uzamili wa FNP bado anafanya mtihani uleule na kupata leseni ileile. Walioshurutishwa kweli ni wauguzi wa dawa ya usingizi. Kwa hiyo mtu akikuambia mlango wa uzamili umefungwa kwa FNP, jua anakuuzia kitu.

Na uzamivu haukuongezei mamlaka. Mipaka ya kazi yako imewekwa na sheria ya jimbo, wala haitazami herufi zilizo nyuma ya jina lako. Minnesota, ukimaliza saa 2,080 za kufanya kazi kwa ushirikiano na wenzako wenye uzoefu, unajitegemea. Texas, hata ukiwa na DNP, huandiki dawa bila mkataba na daktari, na zile dawa kali za kundi la pili utaziandika hospitalini au katika huduma ya wagonjwa wa mwisho wa maisha tu. Tena leseni yako ya RN, ya muuguzi aliyesajiliwa, inayokubalika majimbo mengi haikubebi hapa: leseni ya NP inaombwa jimbo kwa jimbo. Hata mshahara kliniki nyingi hupanga kwa kazi na uzoefu, si kwa shahada.

Basi kwa nini mtu aisome? Kwa anayetaka kuongoza kliniki, kufundisha chuoni, au kubadilisha namna huduma inavyotolewa, DNP ina thamani kubwa. Kwa anayetaka tu kuanza kuona wagonjwa haraka, mimi ningemwelekeza kwenye uzamili kwanza, na uzamivu aufuate baadaye akiwa na kipato cha NP. Sababu si fedha peke yake. Katika njia inayotoka BSN, shahada ya kwanza ya uuguzi, moja kwa moja hadi DNP, ikiwa chuo hakitoi uzamili katikati, mradi ni sehemu ya kumaliza, na kumaliza ndiko kunakokufungulia mtihani wa FNP. Mradi ukikwama, kila kitu kimekwama: saa zote za kliniki unazo, mikopo unadaiwa, na bado unafanya kazi kwa leseni ya RN. Ulizeni chuo kwa maandishi kama kinatoa uzamili katikati.

Njia ya kutoka BSN huchukua miaka mitatu hadi minne kwa kusoma muda wote. Ya kutoka uzamili huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Mwenye diploma, iwe ya KRCHN, muuguzi wa afya ya jamii, kutoka Kenya au ya vyuo vyetu vya Tanzania, mara nyingi ataambiwa apitie BSN kwanza, hata akiwa ameshafaulu NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi, na ana leseni ya RN hapa. Mwenye shahada ya nyumbani atahitaji tathmini ya vyeti inayoonyesha kozi moja moja pamoja na alama, si ile fupi inayosema tu "sawa na shahada". Na matokeo yatoke chuoni yaende kwa mtathmini yenyewe; nakala uliyoibeba kwenye begi haikubaliki. Anza hilo mapema, maana masijala za nyumbani zina mwendo wake.

Kosa lingine la mwanzo ni kuchagua FNP wakati moyo uko ICU. FNP amefunzwa huduma ya msingi. Muuguzi aliyezoea mashine za kupumulia na anayetaka kubaki na wagonjwa mahututi anahitaji programu ya NP wa wagonjwa mahututi wa utu uzima. Zipo hospitali zinazowaajiri FNP wodini, lakini bodi ya uuguzi ikiuliza ulifunzwa nini, cheti chako ndicho kitakachojibu.

Sasa saa za kliniki, na hapa nitakaa kidogo.

Viwango vya kitaifa vya mafunzo ya NP vya mwaka 2022 vinataka saa zisizopungua 750 za kumhudumia mgonjwa moja kwa moja. Programu nyingi za DNP bado zinahesabu 1,000 kwa jumla, zinazobaki zikiingia kwenye mradi. Saa za kazi yako ya RN hazimo, hata kama una miaka ishirini wodini. Pigeni hesabu: siku mbili kwa wiki, saa nane kila siku, ni saa 16. Saa 750 ukizigawa kwa 16 unapata wiki 47. Muhula una wiki kama 15, kwa hiyo ni mihula mitatu na ushee ya kutoa siku mbili za katikati ya wiki, mchana, wakati kliniki ziko wazi. Mtu wa zamu tatu za usiku anayedhani atatoka saa moja asubuhi aingie kliniki saa mbili atadumu mwezi mmoja, na mwelekezi wake, anayemsimamia kliniki, atamwona anavyosinzia mbele ya mgonjwa. Hamishia zamu mwishoni mwa wiki, na kabla ya kupunguza saa muulize mwajiri kiwango cha chini kinachoilinda bima ya afya ya familia yako. Wapo waliolijua hilo baada ya mtoto kuugua.

Saa hizo zinapaswa kugusa umri wote: watoto, akina mama, watu wazima na wazee. Watu wazima wanapatikana kwa urahisi. Wagumu ni waelekezi wa watoto na wa afya ya wanawake, na mwanafunzi huwaacha kwa sababu kwenye ratiba wamewekwa mwisho. Hao ndio watafutwe kwanza.

Mwelekezi ni NP au daktari anayekubali ukae naye na kuona wagonjwa chini ya leseni yake. Halipwi na vyuo vingi, na wewe unampunguzia mwendo. Vipo vyuo vinavyokutafutia, na vipo vinavyokuachia utafute mwenyewe. Ukiachiwa, anza miezi sita hadi tisa kabla. Andaa faili moja: wasifu wa ukurasa mmoja, leseni, chanjo, kipimo cha kifua kikuu, cheti cha BLS (huduma ya kwanza ya kuokoa maisha), uchunguzi wa rekodi za uhalifu na kipimo cha dawa za kulevya. Kumbuka mwelekezi kusema ndiyo hakutoshi. Chuo na kliniki lazima vitie saini mkataba, na mkataba ukiingia ofisi ya wanasheria wa mtandao mkubwa wa hospitali unaweza kukaa miezi. Muhula unaanza, mwelekezi yupo, mwanafunzi yupo, karatasi haipo, na saa haziruhusiwi kuhesabiwa.

Wapo mawakala wanaotafutia watu waelekezi kwa malipo. Sikatazi, ila gharama hiyo iwekwe kwenye hesabu ya ada tangu mwanzo. Chuo kinachoonekana nafuu halafu ukanunua waelekezi wanne si nafuu tena. Kwa programu za mtandaoni kuna jambo la ziada: je, chuo kimeruhusiwa kuweka wanafunzi wa kliniki katika jimbo unaloishi, na je, mtaala wake unatimiza masharti ya leseni ya jimbo hilo? Ukihama katikati ya masomo, kufuata kazi ya mume au mke, swali hilo linazaliwa upya.

Hakikisheni pia kwamba chuo kimeidhinishwa na CCNE, ACEN au CNEA, na kwamba nakala ya matokeo itaonyesha kozi tatu zinazojitegemea: fiziolojia ya magonjwa, famakolojia, na upimaji wa mwili, zote za ngazi ya juu. Zikichanganywa ndani ya kozi nyingine, bodi inaweza kukurudishia fomu.

Ndani ya kliniki penyewe, kinachowasumbua RN wazuri ni uzuri wao. Umezoea kuona tatizo, kuripoti, na kungoja maagizo. Sasa unayengojwa ni wewe. Chukueni mama wa miaka 38, shinikizo la damu 152/94. RN ataeleza vizuri alichoona. Mwelekezi anataka zaidi: limepimwa mara ngapi, je, kuna vipimo vya nyumbani vinavyothibitisha, kuna chanzo kingine kama dawa za maumivu au vidonge vya uzazi wa mpango, na utaanza na nini? Ukisema lisinopril, dawa ya shinikizo, swali linalofuata ni kama umemuuliza kuhusu mimba, kwa kuwa dawa za kundi hilo humdhuru mtoto tumboni. Halafu utaje siku ya kurudi, na potasiamu na kreatinini utazipima lini. Jizoezeni kumalizia kila maelezo kwa sentensi mbili: "Nadhani ni hiki, kwa sababu hizi. Ningefanya hivi." Ukikosea, mwelekezi ana cha kusahihisha. Usipotaja chochote, hana.

Nije kwenye mradi wa DNP. AACN ilishasema mwaka 2015 uitwe hivyo, mradi, wala si tasnifu. Ni kazi ya kuboresha huduma mahali fulani. Unaokufa huanza na lengo kama "kupunguza kisukari katika jamii ya wahamiaji". Hilo ni lengo la wizara, si la mwanafunzi mwenye wiki kumi na mbili.

Nitumie mfano wa kubuni. Kliniki moja ya mtaa, wagonjwa wengi wana shinikizo. Kipimo cha kwanza huchukuliwa mgonjwa akiwa ametoka kupanda ngazi, koti mwilini, anaongea. Kinasoma 148/92, kinaandikwa, hakirudiwi. Sasa lengo linaandikwa hivi: kufikia wiki ya 12, katika wagonjwa wazima wote ambao kipimo cha kwanza ni 140/90 au zaidi, wanaopimwa tena ziara hiyohiyo wapande kutoka asilimia 30 hadi 80. Mnaona? Nani, nini, wapi, lini, kiasi gani. Hatua yenyewe ni ndogo: kiti chenye egemeo kando ya mlango, dakika tano za kukaa kimya, miguu sakafuni bila kupishana, mkono usawa wa moyo, mkanda wa ukubwa unaolingana na mkono, na kadi nyekundu mlangoni kumkumbusha NP kuwa kipimo cha pili kinangojwa.

Unapima vitu vitatu. Cha kwanza ni cha mchakato: waliorudiwa ni asilimia ngapi. Cha pili ni cha matokeo: walio chini ya 140/90 ziara ya mwisho. Cha tatu wanafunzi hukisahau, nacho ni cha mizani: je, umeongeza dakika ngapi kwenye ziara, na msaidizi wa kliniki amechoka kiasi gani? Usipokipima, wafanyakazi watakujibu kwa kuacha kadi kwenye droo. Takwimu ziweke kwenye chati ya mstari wiki kwa wiki pamoja na mstari wa kati wa data za kabla ya kuanza. Nukta sita mfululizo upande mmoja wa mstari huo zinakuambia kuna kilichobadilika. Nukta mbili nzuri hazikuambii kitu. Ukitumia dodoso la maarifa kabla na baada ya semina ya nusu saa, utapata alama zilizopanda na huduma iliyobaki palepale. Wasimamizi wengi wamechoka nazo, na mimi niko upande wao.

Mambo matatu huua mradi hata ukiwa na lengo zuri. Kwanza, hakuna mtu wa ndani mwenye cheo anayeutaka. Meneja aliyekubali kwa upole akihama, umebaki mgeni. Pili, hukuuliza nani atatoa data kwenye mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa. Omba ripoti ya majaribio kabla ya kuandika pendekezo, na ujue kwamba aina 18 za taarifa zinazomtambulisha mgonjwa, zilizotajwa na kanuni za HIPAA za usiri wa wagonjwa, huondolewa kabla data haijatoka nje ya kliniki. Tatu, ofisi ya maadili ya utafiti. Mradi wa kuboresha huduma mara nyingi huamuliwa kuwa si utafiti, lakini uamuzi huo wanautoa wao, kwa barua, kabla hujaanza, na mara nyingine chuo kinataka barua yake na hospitali ya kwake.

Kuna mradi mmoja ambao nyinyi mna nafasi nzuri ya kuufanya. Familia nyingi kutoka Kongo zilizopewa makazi hapa zinazungumza Kiswahili, na sheria inazitaka kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu kuwapa mkalimani aliyehitimu, bila kumtumia mtoto wa mgonjwa isipokuwa kwenye dharura. Hesabuni: katika ziara za wagonjwa hao, ni ngapi ambazo namba ya mkalimani imeandikwa kwenye faili? Hicho ni kipimo safi, na kinapatikana. Angalizo tu: kuzaliwa na Kiswahili hakukufanyi mkalimani. Hospitali nyingi hukutahini kwanza, na Kiswahili cha Bukavu kina maneno ya mwili na ya ugonjwa ambayo mtu wa Tanga au Nakuru hatayajua mara moja.

Fedha. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 inafunga mkopo wa Grad PLUS, ule wa serikali kuu kwa shahada za juu, kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Kiwango cha kawaida cha mkopo wa wanafunzi wa shahada za juu kinakuwa dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla. Ngazi ya juu zaidi imewekewa shahada zinazohesabiwa kuwa za kitaaluma, na rasimu iliyojadiliwa mwishoni mwa 2025 haikuuingiza uuguzi. Tuseme programu ina krediti 75 kwa dola 1,000 kila moja. Ni 75,000. Miaka mitatu ya mkopo ni 61,500. Zile 13,500 zinatoka mfukoni kwako, au kwa mwajiri, na bado hatujahesabu mawakala. Ukisoma nusu muda, mkopo wa mwaka nao unapunguzwa kwa uwiano. Mpango wa serikali wa Nurse Corps hulipa asilimia 60 ya deni linalostahili kwa miaka miwili ya kazi penye uhaba, na hukubali wenye ukaazi wa kudumu. Mpango mwingine wa serikali wa kulipa madeni, ule wa NHSC, unataka uraia. Angalieni makaratasi yenu kabla ya kuupanga mpango wowote.

Ukimaliza, mtihani ni wa moja ya bodi mbili za vyeti, AANPCB au ANCC. Wa AANPCB una maswali 150 kwa saa tatu, na uzito wake ni kliniki. Wa ANCC una 175 kwa saa tatu na nusu, na unagusa pia sera, maadili na utafiti. Bodi za majimbo hukubali vyote viwili, na cheti hudumu miaka mitano. Baada ya cheti ndipo leseni ya NP, kisha usajili wa DEA, shirika la serikali kuu la dawa za kulevya, kwa dawa zinazodhibitiwa. Tangu Juni 2023 usajili huo unadai saa nane za mafunzo ya matatizo ya uraibu. Ulizeni kama mtaala wenu unazo, msije mkazilipia tena. Mwishoni ni kuandikishwa na kampuni za bima, jambo linaloweza kuchukua miezi mitatu hadi minne. Kliniki nyingi haziwezi kukulipisha kwa bima kabla ya hapo, kwa hiyo usiandike barua ya kuacha zamu za RN siku ulipofaulu mtihani. Kubaliana na mwajiri mpya tarehe ya kuanza inayofuata uandikishaji, na umwombe ratiba ya miezi mitatu ya mwanzo yenye wagonjwa wachache kwa siku, kwa maandishi, ndani ya mkataba.

Tuingie kwenye maswali. Wenye leseni za Minnesota na Texas waanze, halafu wengine wafuate.